TUCHANGIE TIBA KABLA YA KUCHANGIA KILIO

Karatasi ya Khutba ya Ijumaa, Lubumbashi
(Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome)

BISMILLAHI RRAHMANI RRAHIIM

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, ambaye ameumba ugonjwa na akaumba dawa yake. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, masahaba zake na wote wanaofuata njia yake mpaka Siku ya Mwisho. Amma baad.



Ninajiusia nafsi yangu kwanza, halafu ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika siri na katika wazi. Na kumcha Mungu si swala na saumu peke yake. Kumcha Mungu kunaonekana pia siku ile jirani anapougua na hana kitu mfukoni.

Leo nitasema nanyi juu ya afya na juu ya feza ya matibabu. Nitaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, hapa hapa msikitini, maana mwenye kuhubiri akianza na makosa ya wengine hajaanza vizuri.

MZEE WETU, FUNDI WA VIATU

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mzee mmoja katika safu hii ya mbele. Kazi yake ilikuwa kushona viatu kando ya barabara. Swala ya alfajiri haikumpita, mvua inyeshe au isinyeshe. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa ngiri, ule uvimbe wa chini ya tumbo unaotoka mtu akinyanyua mzigo na kurudi ndani akilala. Akaenda hospitali. Munganga akamwambia: Mzee, hii inataka kupasuliwa sasa, ingali nyepesi. Siku utumbo ukinaswa humo itakuwa hatari. Akamwandikia bei kwenye karatasi. Mzee akaikunja ile karatasi, akaitia katika mfuko wa kanzu, akarudi nyumbani.

Alikuja kwangu baada ya isha. Hakuomba. Alinionyesha karatasi tu. Ijumaa ile tukapitisha kikapu, tukapata kama robo ya feza iliyotakiwa. Mimi, imamu wenu, nikamwambia: Mzee, tungojee Ijumaa ijayo, Insha'Allah itatimia. Jumatano usiku ngiri ikanasa. Alhamisi kabla ya adhuhuri mzee akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'uun.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Habari ya kifo ilipotoka, jumuiya yote ilisimama. Mwenye gari akatoa gari. Sanda ikanunuliwa saa ile ile. Wamama wakaleta unga, mchele, mafuta na magunia ya makala. Wafanya biashara wakatuma bahasha zao. Siku ya tatu ya kilio, mimi na katibu wa chama tulikaa kuhesabu. Ukiweka pamoja feza iliyoingia na vitu vilivyoletwa, ilipita bei ya kupasuliwa iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Mjane wake alikuwa ameikuta mfukoni mwa kanzu, akanipa. Ninayo mpaka leo.

Ndugu zangu, hatukukosa feza. Feza ilikuwapo, ndani ya mifuko yetu, katika avenyi zetu. Tulikosa kuiweka tayari kabla ya siku yake. Tulikuwa wepesi wa kuchangia kilio na wazito wa kuchangia tiba. Na hilo ndilo neno langu la leo.

"SIKU YAKE ILIKUWA IMEFIKA"

Wako watakaosema: Imamu, usijisumbue, siku yake ilikuwa imeandikwa. Kweli, hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini sisi hatukupewa kazi ya kusoma yaliyoandikwa. Tulipewa kazi ya kufanya sababu.

Mkumbuke Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akienda Sham mwaka wa 18 wa Hijra. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akaambiwa kuwa kuna tauni mbele. Baada ya kutaka shauri akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia: ukiwa na bonde lenye majani upande mmoja na ukavu upande wa pili, popote utakapochunga umechunga kwa kadari ya Mungu, lakini mwenye akili anapeleka wanyama wake penye majani. Halafu Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja, akasema amemsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha hivyo hivyo: tauni ikiwa katika nchi watu wasiingie, na walio ndani wasitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu.

Kwa hiyo tusiifanye kadari kuwa blanketi ya kufunika uvivu wetu.

DINI INATUFUNDISHA NINI JUU YA MGONJWA

Kwanza: kutafuta tiba ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Mabedui walimwuliza kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Basi ikiwa dawa imeumbwa, na iko katika duka mbele ya macho yetu, na mgonjwa anakufa kwa sababu ya bei tu, hapo kuna watu watakaoulizwa.

Pili: katika Hadithi Qudsi iliyo katika Sahih Muslim, tunajifunza kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumtazama alipokuwa mgonjwa. Mja atashangaa: vipi Bwana wa ulimwengu awe mgonjwa? Ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na lau angekwenda kumtazama, angemkuta Mwenyezi Mungu kwake. Ndugu zangu, kumtazama mgonjwa si kusimama mlangoni na kusema pole. Mgonjwa anayengojea feza ya serumu, pole tupu haimshushi homa.

Tatu: mwenye deni na mfungwa. Katika Sura At-Tawba aya ya 60 Mwenyezi Mungu ametaja watu wanane wa kupewa zaka, na kati yao wamo wenye madeni yaliyowalemea. Katika Sura Al-Insan aya ya 8 amewasifu wanaolisha masikini, yatima na mfungwa. Sasa tazameni mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, amepona, munganga amemruhusu, lakini hatoki hospitali kwa sababu fakitire haijalipwa. Kitanda kinahesabiwa kila siku na deni linapanda. Mama huyo ni mwenye deni na ni mfungwa kwa mara moja. Msidhani ni hadithi. Utafiti uliofanywa mwaka 2016 katika hospitali kubwa ya mji wetu wa Lubumbashi, ukachapishwa mwaka 2019, uliandika habari za wamama waliozuiwa namna hiyo pamoja na watoto wao wachanga. Nasi wenyewe tumewajua wengine kwa nyuso zao.

Lakini tusimchukie munganga. Hospitali nyingi zinapata kidogo sana kutoka kwa Serikali. Glavu, uzi wa kushonea, mafuta ya jenereta na hata posho ya wauguzi vinatoka katika feza ya wagonjwa. Mtu anayemzuia mama yule mara nyingi naye ana watoto nyumbani na hajalipwa. Ndiyo sababu kupiga kelele mlangoni mwa hospitali hakumalizi neno. Neno linataka mpango.

TULIFIKAJE HAPA

Wazee wetu wa mji huu wanakumbuka siku nyingine. Union Minière ya Katanga iliundwa mwaka 1906, na baada yake ikaja Gécamines. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na nyumba, chakula, shule ya watoto na hospitali. Mtoto akipata homa usiku, baba hakuuliza bei, alichukua kitabu chake cha kazi tu. Wengi waliokaa hapa leo walizaliwa katika mikono ya wakunga wa kampuni.

Halafu kampuni ikaanguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa feza kidogo, wakarudi nyumbani, na mlango wa ile hospitali ukafungwa nyuma yao. Hapo tukajifunza jambo: tiba inayotegemea bwana mmoja inakufa pamoja na bwana huyo.

Na wale ambao hawakuwa na kampuni? Mwezi wa 9 mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Ulimwenguni. Walitafuta namna ya kuweka dawa katika vituo vya afya vya vijijini, wakakubaliana kuwa mgonjwa alipe sehemu, ili feza ile inunue dawa nyingine. Nia ilikuwa njema, na mahali pengine dawa zilirudi katika kabati. Lakini kwetu Serikali ikawa dhaifu, mchango ukageuka kuwa bei nzima, na mzigo ukaangukia mgongo wa yule yule aliye kitandani.

Basi hivi ndivyo tunavyoishi: mtu analipa wakati ule ule asipokuwa na nguvu ya kufanya kazi. Mama muuza makala akiugua, hauzi. Asipouza, hana feza. Asipokuwa na feza, hatibiwi. Ananunua vidonge viwili barabarani, havijulikani vimetoka wapi, na ugonjwa unajificha mpaka unakuwa mkubwa.

Ninasema neno langu hili, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, tena Alhamdulillah. Swala na salamu ziwe juu ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu, nimesema ugonjwa. Sasa niseme dawa.

KABILA LA WAASH'ARI

Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alitoka katika kabila la Yemen. Amesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila lake kwa desturi moja. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini, walikusanya kila kilichobaki kwa kila mmoja katika nguo moja, halafu wakagawana sawa sawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa hao ni watu wake, naye ni wao.

Angalieni mambo matatu katika desturi ile. Moja, walikusanya kabla mtu hajafa njaa. Mbili, mwenye kingi na mwenye kidogo wote walileta. Tatu, walipima kwa chombo, hawakugawa kwa upendeleo. Huo ndio msingi wa kile kinachoitwa leo mutuweli ya afya.

BWAMANDA

Na msidhani ni kitu cha Ulaya. Katika nchi yetu hii, ilipokuwa ikiitwa Zaire, mwaka 1986, huko Bwamanda upande wa kaskazini-magharibi, ambako leo ni mkoa wa Sud-Ubangi, hospitali ya wamisionari ilianza mpango wa namna hiyo pamoja na wakulima. Kila mwaka, wakati watu wameuza mavuno na wana feza mkononi, kila familia ililipa mchango mdogo kwa ajili ya kila mtu wa nyumba. Mtu akilazwa hospitali, alilipa sehemu ndogo tu, na kapu la wote likalipa kubwa. Mwanzoni waliingia wachache. Baada ya miaka, zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile walikuwa ndani, ijapokuwa nchi ilikuwa katika taabu na feza ilikuwa ikipoteza thamani kila siku. Watu wa mashamba, si matajiri. Nao walimu wa shule za Serikali wameanzishiwa mutuweli yao tangu mwaka 2011, wanakatwa kidogo kila mwezi katika mshahara. Na sheria ya nchi juu ya mutuweli ipo, ilitolewa tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017.

Nitoe mfano wa hesabu, ni mfano tu. Familia 200, kila moja ikitoa franka 5,000 kwa mwezi, kwa mwezi mmoja ni franka 1,000,000, na kwa mwaka ni franka 12,000,000. Franka 5,000 peke yake haimpasui mtu. Zikikaa pamoja kabla ya ugonjwa, zinafungua mlango wa hospitali.

"JE, SI HARAMU?"

Ndugu mmoja mwenye elimu ameniuliza: Imamu, hii si bima, na bima si haramu? Swali zuri. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Ulimwengu walikutana Jeddah mwezi wa 12 mwaka 1985, wakaitazama mambo haya. Bima ya biashara, ambayo kampuni inauza kwa faida na mtu hajui atapata nini, waliikataza kwa sababu ya gharari. Lakini bima ya kushirikiana, ambayo kila mtu anatoa mchango wake kwa nia ya kutoa na kusaidiana, waliiruhusu, wakaiona ni njia ya halali ya kuweka mahali pake. Na hii yetu ni ya namna hiyo. Hakuna mwenye kampuni. Hakuna faida. Feza haikopeshwi kwa riba. Na Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura Al-Maida aya ya 2 tusaidiane katika wema na ucha Mungu.

Mwingine atasema: Mimi siugui, nitatoa bure mwaka mzima. Ndugu yangu, wewe unamlipa sentineli wa kulala mlangoni pako. Mwizi asipokuja, je, unamwambia sentineli arudishe feza? Unamshukuru Mungu. Ukipita mwaka bila kuugua, umepata mara mbili: afya yako ni yako, na feza yako imemtibu mtoto wa mtu, nawe umeandikiwa sadaka.

AMANA

Najua kinachowaogopesha zaidi. Wazee hawajasahau mwaka 1991, feza za watu zilipomezwa Kinshasa katika mpango wa Bindo ulioahidi kuzidisha feza. Na hapa kwetu likelemba ngapi zimevunjika kwa sababu mshika feza alihama usiku? Woga huo ni wa haki. Kwa hiyo shura ya chama imeweka masharti haya, na mimi nitakuwa wa kwanza kufungwa nayo:

1. Mutuweli haiahidi faida. Anayekuja kutafuta faida amekosea mlango.

2. Imamu hashiki feza. Wanaoshika ni watatu, na mmoja wao ni mama. Kutoa feza kunataka sahihi za wawili.

3. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi hesabu itasomwa kwa sauti na kubandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wagonjwa hayatasomwa, maana ugonjwa ni siri ya mtu.

4. Familia inaingia nzima, wote wa nyumba. Hatupokei mgonjwa peke yake na kuwaacha wazima nje, kwa sababu wakiingia wagonjwa tu, kapu litakauka mwezi wa kwanza.

5. Anayeingia atangoja miezi mitatu kabla ya kulipiwa. Si ukali. Bila hivyo kila mtu angengoja mpaka augue ndipo ajiandikishe.

6. Tutaandikiana mkataba na kituo cha afya, wenye bei zilizokubaliwa mbele na zilizoandikwa. Mgonjwa ataonyesha karatasi yake, atalipa sehemu ndogo, na kilichobaki kitalipwa na kapu.

7. Tutafuata sheria ya nchi na kuandikisha mutuweli yetu, ili isiwe mali ya mtu wala ya ukoo.

MASIKINI ASIYE NA MCHANGO

Na yule asiyeweza hata mchango? Mjane mwenye watoto sita, mzee asiye na mtoto? Hapa ndipo zaka inaingia. Lakini zaka ina wenyewe, haichanganywi na kapu la wote, ambamo tajiri pia atatibiwa. Kutakuwa na sanduku la pili. Feza ya zaka atapewa masikini Mwislamu mkononi mwake, iwe yake, naye akitaka atalipia mchango wake kama wenzake, bila mtu kumjua. Na mwenye deni la hospitali lililomlemea atalipiwa katika fungu la wenye madeni.

Wenye uwezo ninawakumbusha wakfu. Sayyidna Uthman (r.a.) aliona kisima cha Ruma pale Madina kinauzwa maji, akakinunua na kukifanya bure kwa wote. Mfalme Qalawun wa Misri, kabla hajawa mfalme, aliugua Sham, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya wakfu ya Damascus. Akaweka nadhiri. Mwaka 1284 akajenga Kairo hospitali kubwa, akaiwekea maduka na mali nyingine za wakfu ziilishe, na milango yake ikawa wazi kwa tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke. Mwenye nyumba za kupangisha hapa Kenya, Katuba au Kamalondo, chumba kimoja tu ukikiwekea wakfu, kodi yake inaweza kulipia michango ya wajane wangapi? Utakuwa kaburini na chumba kinaendelea kukufanyia kazi.

JIRANI ASIYE WA DINI YETU

Sisi Waislamu ni wachache katika mji huu. Wangapi kati yetu wamezaliwa au wametibiwa katika vituo vya masista, na hakuna aliyetuuliza Fatiha? Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee mmoja Myahudi, kipofu, anaomba mlangoni, akamchukua mpaka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, halafu akaamuru apewe haki yake katika Baitul-Mali. Basi mutuweli yetu itakuwa wazi kwa jirani wa avenyi yetu anayekubali masharti yale yale. Kipimo ni kimoja, kama chombo cha Waash'ari.

HAKI YETU KWA SERIKALI

Wala tusifikiri kapu letu linaifutia Serikali deni lake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Mwezi wa 4 mwaka 2001 wakubwa wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuweka sehemu 15 katika 100 za bajeti kwenye afya. Ahadi ni deni. Na mwezi wa 9 mwaka 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kujifungua bure. Wamama wenye mimba, mkifika kituo cha afya ulizeni kwanza kama mpango huo umefika hapo na unalipa nini. Kuuliza si ubishi. Na sisi wababa tuwaulize waliotuomba kura, kwa adabu, kwa barua, na kwa kurudia mpaka watujibu.

Lakini ngiri haingoji bajeti. Huku tunadai haki yetu, tufanye kilicho mikononi mwetu.

MWISHO

Ndugu zangu, siku ya kilio sisi ni watu wazuri sana. Hatuachi maiti wa mtu bila sanda. Ninachowaomba ni kidogo: uzuri ule tuulete mbele, tuutoe mtu angali anapumua. Mzee wetu hakuhitaji magunia ya makala siku ya tatu. Alihitaji robo tatu iliyobaki, siku ya Ijumaa. Mimi nilimwambia angoje. Sitaki kumwambia mtu mwingine neno hilo.

DUA

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu. Watoe waliozuiwa kwa madeni. Wape nguvu na riziki ya halali wanganga, wauguzi na wakunga wetu. Wape viongozi wetu hofu ya kukutana nawe. Mrehemu mzee wetu na mwangazie kaburi lake. Tusamehe kwa kila siku tuliyochelewa. Amani uishushe juu ya nchi yetu ya Kongo, mashariki yake na magharibi yake. Amina, Amina, ya Rabbal-aalamiin.

TANGAZO

Mkutano wa mutuweli utakuwa Jumapili hii baada ya alasiri, hapa msikitini. Kila familia ilete majina ya watu wote wa nyumba na umri wao. Kiasi cha mchango hakijakatwa, kitakatwa na mkutano. Wamama wana nafasi yao na sauti yao. Hakuna atakayelazimishwa.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, usifungie karanga.